Kazi Moja Imebaki

Habari ya Nyundo ilimkuta mama yake kazini, asubuhi, mikono ikiwa ndani ya beseni.

Alikuwa anamwosha mwalimu mmoja mzee wa hesabu, aliyekufa kitandani mwake kwa uzee tu, kifo ambacho mwaka ule kilikuwa kimeadimika. Chumba cha kuoshea kilikuwa nyuma ya soko, kuta zake za chokaa, sakafu ya mawe imeinamishwa kidogo ili maji yakimbilie mferejini. Katikati palikuwa na meza ya jiwe. Pembeni kulikuwa na jiko la kuni lenye sufuria mbili, moja ya maji moto na nyingine ya maji vuguvugu. Mama huyu alikuwa amefanya kazi humo miaka thelathini na moja, na mji mzima ulimwita Mwosha. Watoto walipomkimbia njiani, aliwatishia kwa utani kwamba atawapima urefu wa jeneza.

Askari mmoja alisimama mlangoni, mkono wake wa kulia umefungwa kwa kipande cha shuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ingia tu, huyu hana neno na mtu."

Askari aliingia hatua mbili, akakwama hapo. "Natokea mji wenye ukuta. Umeanguka juzi."

"Nimesikia."

"Binti yako alikuwa na sisi. Tulikuwa tunaziba ufa pamoja."

Mwosha aliacha kusugua, lakini hakutoa mikono majini. "Sema yote, mwanangu. Usinikatie vipande vipande."

"Alikufa siku ya kwanza, kwa mshale. Siku ya pili akaja mbele yetu, kwenye safu ya wafu, na nyundo yake mkononi. Nilikuwa na mkuki, mama, na nafasi nilikuwa nayo. Lakini mtu yule alikuwa amenigawia mkate wake. Nikashindwa. Akanivunja mkono."

Mwosha alimtazama mkono, kisha akamrudia mwalimu. Alimaliza vidole vya miguu, akamkausha, akamfunga kidevu kwa kitambaa. Akainama, akamwambia sikioni maneno aliyowaambia wote waliopita juu ya meza ile: "Kazi yako imekwisha. Pumzika." Ndipo akaketi kwenye benchi, akaomba maji ya kunywa, akamaliza jagi zima bila kupumua.

Hakulia. Alisubiri machozi na hayakuja. Kilichokuja ni hasira, iliyopanda polepole mpaka masikio yakamwasha. Binti yake alikuwa fundi mwashi, mtu wa vumbi la mawe na vicheko vya sauti kubwa, aliyepewa jina la Nyundo tangu utotoni kwa sababu hakuna kitu nyumbani ambacho hakukigonga. Kwamba amekufa, Mwosha aliweza kulibeba hilo. Kifo alikuwa anakijua kwa karibu kuliko mtu yeyote mjini. Lakini kwamba kuna mtu amemwinua na kumtuma kuvunja mikono ya wenzake, hilo hakuweza kulibeba.

Vita vyenyewe vilikuwa hivi. Mfalme wa ng'ambo ya milima alikuwa amemkodi mchawi mmoja aliyeitwa Mwamshaji. Kila baada ya mapigano mtu huyu alisimama uwanjani, akapuliza baragumu, na waliolala wakainuka. Akapuliza tena, akatoa amri moja, nao wakaifuata mpaka atoe nyingine. Kwa hiyo kila mji ulioanguka uliongeza jeshi lake. Nchi ilikuwa na miji sita. Mitatu ilikwisha kwenda. Wa nne ulikuwa huu wa Mwosha, wenye askari mia nne na kapteni mmoja aliyekuwa anakohoa tangu masika, ambaye watu walimwita Kikohozi hata mbele yake. Wafu waliokuwa wanakuja walikuwa elfu tatu. Barazani makao makuu, wakubwa walikuwa wanafunga masanduku.

"Niambie kingine," Mwosha alimwambia askari. "Mji wa pili uliuona? Makaburi yake Mwamshaji aliyafungua?"

"Aliyafungua. Lakini lilikuwa jambo la ajabu. Upande wa kushoto waliinuka wote. Upande wa kulia hakuinuka hata mmoja, na alipuliza mpaka mashavu yakamvimba."

"Kushoto walizikwa nani?"

Askari alifikiri. "Wale wa mwaka wa tauni. Walizikwa haraka haraka, bila kuoshwa."

Mwosha aliweka jagi chini. Mwosha wa mji ule alikuwa mwanafunzi wake. Alimfundisha yeye mwenyewe, kwenye meza hii hii, jinsi ya kupitisha kitambaa usoni, na nini cha kusema sikioni. Yeye naye aliyapokea maneno yale kwa bibi mmoja aliyemfundisha kazi, na siku zote aliyachukulia kuwa ni adabu tu, kama mtu anavyomwambia mgeni safari njema. Hakuwahi kudhani kuna anayesikia.

"Na hao wafu wanaua kila mtu?"

"Wenye silaha tu. Ndiyo amri. Jemadari wao anataka watu wa kumfanyia kazi machimboni, kwa hiyo wasio na silaha wanaachwa, wanakuja kukusanywa na askari walio hai. Hao wanafuata nyuma kabisa, mwendo wa nusu saa."

"Kwa nini nyuma hivyo?"

"Harufu, mama."

Mwosha alicheka, kicheko kifupi kilichomtisha yule askari kuliko habari yoyote aliyokuwa ameileta.

Mdogo wake Mwosha alikuwa mshonaji, na duka lake lilikuwa kwenye mtaa wa wafua vyuma, chumba chembamba chenye dirisha moja na shati lisilo na mikono linaloning'inia siku zote. Mwosha alimkuta anapindua kola, mkasi umening'inia shingoni kwa utepe kama kawaida yake. Alimweleza habari yote amesimama. Mdogo wake alilia kwa ajili ya wote wawili, kisha akajifuta na kola aliyokuwa anaishona.

"Kwa hiyo tukiwaambia watalala," alisema. "Tukiwafikia, tukawapitishia maji na kuwaambia. Dada, tutamlaza Nyundo."

"Hatuwalazi."

"Unasemaje?"

"Wakisikia pumzika, watasikia na neno lingine. Nitawaambia kazi moja imebaki. Nitawaambia wageuke."

Mshonaji alivua mkasi shingoni, akauweka mezani taratibu. "Dada, hiyo siyo kazi yako. Umekaa miaka thelathini ukiwapumzisha watu. Leo unataka kuwatuma, kama Mwamshaji."

"Yeye amemtuma mwanangu. Namrudishia salamu zake."

"Nyundo mwache basi. Wengine watume, lakini yeye mwache alale."

"Nyundo ndiye wa kwanza atakayegeuka," Mwosha alisema, akatoka.

Kapteni alimsikiliza ofisini kwake, kwenye chumba chenye ramani ukutani na bakuli la maji ya moto la kujifukizia kifua. Hakumcheka. Mtu mwenye askari mia nne mbele ya wafu elfu tatu hana nafasi ya kuchagua ushauri. Alikohoa, akafikiri, akakohoa tena.

"Kwa hiyo unataka niwanyang'anye askari wangu mikuki, niwape ndoo."

"Na vitambaa. Viwe safi."

"Nikikosea nitakuwa kapteni mpumbavu kuliko wote waliowahi kuzaliwa."

"Ukikosea hakutakuwa na mtu wa kusimulia, Kapteni. Ondoa wasiwasi."

Siku mbili walizopata zilitosha kwa shida. Silaha zote zilifungiwa ghalani. Visu vya jikoni, nyembe, mashoka ya kuni, sindano na mikasi vyote vilitumbukizwa kwenye kisima cha zamani, na mshonaji alirusha mkasi wake akiwa amegeuza uso. Mtaa wa wafua vyuma ulichaguliwa kwa sababu ulikuwa mwembamba na ndiyo njia pekee kutoka lango la chini. Wafu wangelazimika kupita wanne wanne. Mbele ya kila karakana palipangwa ndoo. Watu waliokubali kusimama hapo walikuwa mia mbili na ushei: askari, wauguzi, waoka mikate, na wengine waliotoka miji iliyoanguka, ambao walikuwa na watu wao kwenye safu ile. Mwosha aliwafundisha uwanjani kwenye magunia ya mchanga. "Usimsukume. Tembea naye. Shika shavu, pitisha kitambaa paji la uso mpaka kidevuni, sema sikioni. Ukimjua, mwite unavyomwita nyumbani." Kisha akawapa maneno. Wengi waliyarudia kwa midomo iliyobana, na Mwosha aliona kwamba hakuwa peke yake mwenye hasira. Ilikuwa imewajaa wote, ilikosa tu pa kwenda.

Walikuja saa tatu asubuhi, jua likiwa limeshapanda juu ya mapaa.

Kilichosikika kwanza ni miguu, maana wafu hawaongei na hawapigi ngoma. Kisha harufu ikaingia mtaani, na mwoka mikate mmoja akatapika ndani ya ndoo yake, akaimwaga, akaenda kuchota nyingine. Safu ya kwanza ilipita karibu na Mwosha kama watu wanaokwenda sokoni kununua kitu kimoja tu. Macho yao yaliangalia mikono ya watu. Mikono ilikuwa na vitambaa. Wakaendelea.

Wakati huo ndipo fundi viatu, mtu wa makamo aliyejitolea wa kwanza kabisa, alipoinama kuchota maji, na kutoka mfuko wa aproni yake msharasi ukachungulia, ile sindano nene ya kutobolea ngozi. Alikuwa nayo mfukoni miaka ishirini. Hakukumbuka hata kuwa nayo. Wafu wawili walimgeukia na kumwua papo hapo, bila chuki, kama mtu anayefunga mlango. Watu wakayumba. Wachache wakakimbia. Lingekimbia kundi zima kama Mwosha asingeingia katikati ya safu, akamshika shavu mwanamume mmoja mkubwa aliyevaa sare iliyochanika, akampitishia kitambaa.

"Kazi moja imebaki," alimwambia sikioni. "Walio hai wanaokuja nyuma yako. Geuka."

Yule mtu alisimama. Maji yalimtiririka shingoni. Kisha akageuka kama aliyeitwa na mtu anayemfahamu, akaanza kurudi alikotoka, akipenya kati ya wenzake.

Basi mtaa ukafanya kazi. Haikuwa vita, ilifanana zaidi na siku ya kufua nguo. Maji yalitapakaa, vitambaa vilikamuliwa na kuchovywa tena, na kila mahali palisikika minong'ono. Muuguzi mmoja alimpata kaka yake. Askari wa mkono uliovunjika alimpata sajenti wake, akamwambia maneno kwa heshima zote, kisha akampigia saluti kwa mkono wa kushoto.

Nyundo alikuja karibu na mwisho. Nywele zake zilikuwa bado na vumbi la mawe, na mshale ulikuwa umeacha tundu dogo chini ya titi. Mama yake alitembea naye hatua kumi na zaidi kabla ya kumgusa. Alimwosha uso pole pole, nyuma ya masikio pia, kama alivyokuwa akimwogesha utotoni naye akilalamika kwamba maji ni baridi. Mshonaji alikuwa upande wa pili wa barabara, amesimama na ndoo yake, anamtazama dada yake moja kwa moja. Mwosha alimwona. Akainama.

"Nyundo, mama yako hapa. Kazi moja imebaki. Kuna mtu mwenye baragumu. Niletee."

Binti yake akageuka, akaenda.

Jeshi la walio hai lilikuwa watu elfu mbili, waliokuwa wanatembea bila kofia za chuma, wengine wamelegeza mikanda, wanapiga soga. Walipoona wafu wao wanarudi, walidhani kazi imekwisha mapema. Mwamshaji alipuliza baragumu, akatoa amri ya kusimama, akapuliza tena. Hawakusimama. Yaliyotokea pale hayakuchukua hata saa moja. Jemadari aliuawa akiwa bado juu ya farasi. Waliobaki walikimbia kuelekea milimani, na wafu wakawafuata kwa mwendo wao ule ule wa taratibu, usiochoka.

Adhuhuri Nyundo aliingia mtaani akimburuta mtu kwa ukosi wa joho. Alimwacha miguuni pa mama yake, akasimama.

Mwamshaji alikuwa mtu mdogo, mwenye mafua, kucha safi. Mwosha alikuwa amemtengenezea sura kubwa kichwani mwake, na alijisikia kama aliyeibiwa.

"Mimi ni fundi tu," yule mtu alisema. "Niliajiriwa. Nisingekubali mimi, wangemchukua mwingine."

"Unamwona huyu?"

Mwamshaji alimwangalia Nyundo. "Ndiyo."

"Mwangalie vizuri. Utakaa selo moja naye mpaka wakuhukumu. Hatakufanya kitu. Atasimama tu."

Kapteni alimwita Mwosha ofisini alasiri ile. Alikuwa amesimama mbele ya ramani, na kwa mara ya kwanza tangu masika hakuwa anakohoa.

"Mama, wale wanaendelea kutembea. Keshokutwa watavuka mpaka. Nikikupa farasi na watu, unaweza kuwapa neno jipya? Mji mkuu wa mfalme wao hauna ukuta upande wa mashariki."

Mwosha aliiangalia ramani. Alijiona akiwa juu ya kilima, wafu elfu tatu chini yake, na mfalme wa ng'ambo akitoka kitandani bila viatu. Picha hiyo ilimpendeza. Hakujidanganya juu ya hilo, wala baadaye hakumdanganya mtu. Alikaa kitini, akauliza ni mwendo wa siku ngapi, na watafika wangapi. Kapteni akaanza kuhesabu kwa vidole. Walizungumza mpaka bakuli la kujifukizia likapoa.

Alipotoka alipitia selo. Mwamshaji alikuwa peke yake. Mlinzi alijikuna kichwa, akasema mshonaji alikuja na ndoo.

Mwosha alikwenda mbio mpaka chumba cha kuoshea. Nyundo alikuwa amelala juu ya meza ya jiwe, macho yamefumbwa, nyundo imewekwa kwenye benchi. Mdogo wake alikuwa anachochea kuni.

"Nani amekuruhusu?" Mwosha alisema. Sauti ilikuwa ya chini. "Nani amekuruhusu kumgusa mwanangu?"

"Mimi ni mama yake mdogo," alijibu. "Siombi ruhusa. Na wengine hawakuomba pia. Muuguzi yule amemfuata kaka yake na mkokoteni. Waoka mikate wamekwenda. Kila mtu amekwenda kumlaza wake, dada. Hata uende kwa Kapteni mara ngapi, keshokutwa hutakuwa na jeshi."

Mwosha aliinua mkono kumpiga. Mkono ulikaa juu muda mrefu, mpaka ukachoka. Alipoushusha uliangukia kwenye mguu wa Nyundo, ukaukuta baridi na umetulia, mguu wa maiti kama maiti wote aliowahi kuwashika. Ndipo machozi yalipokuja, na yalipokuja yalimkalisha chini, mgongo kwenye meza. Mdogo wake alikaa kando yake. Maji yalipopata moto walimwosha pamoja. Mshonaji alilaumu kidogo hali ya kucha zake.

Nchi ilinusurika. Miji mitatu ilirudishwa kabla ya mavuno, maana hapakuwa na wa kuilinda, na mfalme wa ng'ambo ya milima aliomba mkataba. Baraza lilifungua masanduku yake, likapitisha sheria kwamba kila kijiji kiwe na mwosha aliyefundishwa, anayelipwa na serikali. Wanafunzi walimiminika mpaka meza za jiwe zikapungua. Kapteni Kikohozi alipandishwa cheo na kikohozi kikamrudia.

Mwamshaji alihukumiwa kunyongwa. Siku ya kutekelezwa kwa hukumu alituma ujumbe kwamba anaomba kuonana na Mwosha, naye akaenda, akasimama nje ya nondo.

"Najua ninachoomba," yule mtu alisema. Mafua yalikuwa yamemzidi. "Kuna wengine wa kazi yangu. Wawili, watatu. Huenda mmoja akapita huku siku moja na baragumu lake. Ninajua jinsi ilivyo kwa walioamshwa, mama. Ninyi hamjui. Nikishakufa, niambie yale maneno. Ni hayo tu."

Mwosha alimwangalia kucha zake, bado safi. "Nitakuosha," alisema. "Ndiyo kazi yangu."

Aliletewa maiti yake saa saba mchana. Alimwosha kwa maji moto na vuguvugu, bila haraka, vidole kimoja kimoja. Alimkausha, akamfunga kidevu kwa kitambaa kipya. Wanafunzi wake wanne walikuwa wamesimama ukutani, wakingoja kuona atakavyoinama. Mwosha alisimama wima, akakunja kitambaa, akawaambia wachukuao jeneza kwamba wanaweza kuingia.

Mwamshaji alizikwa nje ya mji, mahali ambapo sasa pameota majani. Mshonaji hupita hapo akienda kununua vitambaa, na mara tatu amemwambia dada yake: hujachelewa, nenda tu hata juu ya kaburi, useme, yaishe. Mwosha humjibu kwamba atakwenda, akipata nafasi.

Hajapata nafasi.